Kodi kubwa na serikali kubwa: anayelipa ni nani hasa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tuna mdahalo darasani na nimepangwa upande wa wanaosema kwamba kodi kubwa na serikali kubwa zinadidimiza uchumi. Kusema kweli mimi mwenyewe siamini. Uswidi na Denmark wanatoza kodi kubwa kuliko karibu nchi zote duniani, na watu wao wanaishi vizuri. Naona hii hoja ya soko huria ni kisingizio cha matajiri wasiotaka kulipa. Kuna hoja ya kweli hapa, au nitafute tu maneno matamu ya kupata alama? Na je, ipo nchi iliyowahi kujaribu serikali ndogo ikafanikiwa?

JIBU: Marahaba. Umeanza vizuri kwa kutoamini, maana upande uliopewa una watetezi wengi wanaoharibu kesi yao wenyewe kwa kutia chumvi. Nitakupa hoja kama ninavyoiamini mimi, na pale inapovuja nitakuonyesha tundu, kwa sababu wapinzani wako wataliona tu.

Kwanza usisimame ukasema kodi ni wizi. Mahakama, polisi, barabara, chanjo na ulinzi wa mipaka vinahitaji fedha, na fedha hizo hazipatikani kwa michango ya hiari. Adam Smith, ambaye wapenda soko huria humtaja kama babu yao, alilikubali hilo mwaka 1776. Akaweka masharti manne tu: kodi iendane na uwezo wa mtu, ijulikane wazi bila kubadilishwa kiholela, idaiwe wakati unaomfaa mlipaji, na kuikusanya kusile fedha nyingi. Kwa hiyo tunachogombania ni kiasi chake, umbo lake, na kinachotokea kwa watu pale inapopanda.

Chukua mfano mdogo. Seremala yuko tayari kutengeneza kabati kwa 80. Chini ya hapo anaona afadhali akae nyumbani. Mteja yuko tayari kulipa mpaka 100. Kati yao pana 20 ya kugawana. Wakikubaliana 90, kila mmoja ameondoka na nafuu ya 10. Sasa weka kodi ya 10 kwa kila kabati. Bado wataelewana: serikali inachukua 10, wao wanagawana 10 iliyobaki. Ipandishe kodi iwe 30. Seremala hashuki chini ya 80, na 80 ukijumlisha 30 ni 110, pesa ambayo mteja hatoi. Basi kabati halitengenezwi. Tazama hesabu za serikali: sifuri. Mfuko wa seremala: sifuri. Mteja nguo zake ziko sakafuni. Ile 20 waliyokuwa waigawane haikwenda kwa maskini wala hospitalini. Imeyeyuka.

Shikilia hapo, maana hapo ndipo kiini cha kesi yako yote. Hakuna daftari popote duniani lililoandikwa kwamba leo kuna kabati ambalo halikutengenezwa. Waziri akizindua daraja, daraja linapigwa picha, utepe unakatwa, ngoma inapigwa. Makabati, maduka, mashine na ajira zisizokuwepo hazina mzinduzi. Mfaransa Frédéric Bastiat, katika maandishi yake ya mwaka 1850, alijenga hoja nzima juu ya tofauti hii kati ya kinachoonekana na kisichoonekana, na kwa maoni yangu hakuna aliyeieleza vizuri zaidi tangu hapo.

Hasara hiyo haipandi polepole sambamba na kodi. Kodi ndogo huua yale makubaliano yaliyokuwa na faida kiduchu, ambayo hata yasipofanyika hakuna aliyeumia sana. Kodi ikiendelea kupanda inaanza kuua makubaliano manono. Kwa makadirio ya kawaida ya wachumi, kiwango cha kodi kikiongezeka maradufu, hasara ya aina hii huongezeka takriban mara nne. Ndiyo maana mtu anaweza kusema bila kujipinga kwamba asilimia 10 inavumilika na asilimia 60 ni balaa.

Ukitaka kitu cha kuwaonyesha wenzako, waonyeshe dirisha. Mwaka 1696 Uingereza ilianzisha kodi ya madirisha. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi: tajiri ana nyumba kubwa, nyumba kubwa ina madirisha mengi, na mkaguzi anaweza kuyahesabu akiwa barabarani bila kuingia kwa mtu. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 1747, nyumba yenye madirisha chini ya 10 haikutozwa kwa madirisha yake. Kuanzia 10 hadi 14 ilikuwa peni 6 kwa kila dirisha, 15 hadi 19 peni 9, na 20 kwenda juu shilingi nzima, yaani peni 12. Ona mtego uliomo humo. Mwenye madirisha 9 akifungua la 10, hadaiwi peni 6, anadaiwa peni 60, kwa sababu sasa yote 10 yanahesabiwa. Madaftari ya kodi ya miaka ile yakajaa nyumba zenye madirisha 9, 14 au 19. Watu walichukua matofali wakaziba. Kwenye majengo ya wapangaji maskini mijini, jengo zima lilihesabiwa kama nyumba moja, kwa hiyo mwenye jengo ndiye aliyepunguziwa kodi na mpangaji ndiye aliyebaki gizani, bila hewa. Madaktari walilalamika miaka mingi. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1851, baada ya miaka 155. Mpaka leo kwenye miji ya zamani ya Uingereza utaona madirisha yaliyozibwa kwa matofali, ingawa baadhi ni mapambo tu ya mjenzi aliyetaka ukuta ulingane pande zote, kwa hiyo usiape kwa kila unaloliona.

Dirisha lililozibwa halikuipa serikali hata senti. Ni lile kabati letu, ila hili unaweza kulipapasa.

Sasa nije kwenye shutuma yako, kwamba hiki ni kisingizio cha matajiri. Anayetajwa kwenye sheria kuwa ndiye mlipaji mara nyingi siye anayebeba mzigo. Kodi husukumwa, ikamwangukia yule asiye na pa kukimbilia. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha kodi ya anasa: kuanzia mwaka uliofuata, asilimia 10 juu ya sehemu ya bei ya boti inayozidi dola 100,000, pamoja na ndege binafsi, manyoya, vito na magari ya gharama. Nani angewaonea huruma wanunuzi wa boti za anasa? Lakini tajiri si lazima anunue boti. Alibaki na ya zamani, au akanunua nje ya nchi, au akapeleka pesa kwingine. Waliokuwa hawana pa kwenda ni mafundi wa viwanda vya boti: wachomeleaji, wapaka rangi, mafundi umeme. Mauzo yaliporomoka, wengi wakaachishwa kazi. Mdororo wa uchumi wa wakati ule nao ulichangia, hilo lazima ulikiri, lakini Bunge lilielewa somo na kodi ya boti ikafutwa mwaka 1993. Mapigo yaliyolengwa kwa mwenye boti yalimpata mwenye nyundo.

Ndivyo inavyokuwa pia kwa kodi ya makampuni. Kampuni ni karatasi iliyosajiliwa, haiumwi na njaa. Ukiitoza, atakayelipa ni mwenye hisa, au mfanyakazi kwa mshahara usiopanda, au mteja kwa bei. Wachumi wanabishana mgawanyo ukoje kati ya hao watatu. Kwamba ni watu wa damu na nyama, hilo halibishaniwi.

Kuna jambo ambalo wengi husema limebuniwa na Wamarekani wa miaka ya 1970, yaani kwamba ukipandisha kodi kupita kiasi unakusanya kidogo zaidi. Mchoro wake, mstari unaopanda hadi kilele kisha ukashuka, huitwa mkunjo wa Laffer, kwa jina la mchumi Arthur Laffer. Ila mwanahistoria Ibn Khaldun alishaliandika jambo hilo huko Afrika Kaskazini mwaka 1377. Alieleza kwamba dola inapokuwa changa hutoza viwango vidogo na kuvuna mapato mengi, na inapozeeka, kwa anasa za wakubwa na mishahara ya askari, hupandisha viwango mpaka watu wanakata tamaa ya kuzalisha, na mapato yanashuka. Kisha mtawala, badala ya kushusha, anapandisha tena.

Mfano wa hesabu: Marekani, mwaka 1916, kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato kilikuwa asilimia 15, na watu 206 walitangaza kipato cha dola milioni moja au zaidi. Vita vikaja, kiwango kikapanda hadi 77 mwaka 1918, kikashuka kidogo kuwa 73. Mwaka 1921 waliotangaza kipato cha namna hiyo walikuwa 21. Hawakufa wote. Mwaka ule uchumi ulikuwa umeyumba, hiyo ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni kwamba wenye pesa walizihamishia kwenye hati fungani za majimbo na manispaa, ambazo hazikutozwa kodi. Andrew Mellon, waziri wa fedha aliyekuwa tajiri mwenyewe na aliyejua njia hizo zote, alifanya kampeni ya kushusha viwango, na kufikia 1925 cha juu kilikuwa asilimia 25.

Lakini hapa ndipo penye lile tundu nililokuahidi, na ni kubwa. Mkunjo wa Laffer hausemi kwamba kila ukipunguza kodi mapato yanapanda. Unasema hivyo pale tu ulipokuwa umeshapita kilele, na nchi nyingi ziko chini ya kilele hicho. Jimbo la Kansas lilipunguza kodi ya mapato kwa nguvu mwaka 2012 kwa ahadi ya ukuaji wa kasi. Mapato yakapungua, bajeti ikatoboka, na mwaka 2017 wabunge wa chama kilekile kilichozipunguza wakaungana na wapinzani kuzirudisha kodi juu. Uingereza, Septemba 2022, serikali ya Liz Truss ilitangaza kupunguza kodi kwa takriban pauni bilioni 45 bila kusema itapunguza matumizi gani. Wanunuzi wa dhamana za serikali walikimbia, riba ikaruka, na waziri mkuu akajiuzulu kabla ya mwezi wa Oktoba kwisha. Ukiona mtetezi wa soko huria anawasifia hawa, jua hajafanya hesabu. Serikali ikitumia 100 na kukusanya 80, ile 20 haijasamehewa mtu. Imekopwa na italipwa kwa kodi ya kesho, au itachapishwa na italipwa kwa mfumuko wa bei, ambao ni kodi isiyopitishwa na bunge lolote na inayomla kwanza mwenye mshahara na akiba ndogo. Kwa hiyo kipimo halisi cha uzito wa serikali ni matumizi yake. Kiwango cha kodi ni dalili tu.

Basi tuyatazame matumizi. Mwishoni mwa karne ya 19, serikali za nchi zilizokuwa zinaongoza kiviwanda zilikuwa zikitumia takriban sehemu moja ya kumi ya pato la taifa. Leo nyingi kati ya nchi hizo ziko asilimia 40 na kuendelea, Ufaransa inapita nusu. Mengi katika hayo ni mambo mazuri: pensheni, shule, matibabu. Si kweli kwamba nyongeza yote ni upuuzi, na ukisema hivyo utapoteza ukumbi. Uliza swali dogo zaidi: kitu gani kinaiambia serikali kwamba sasa imetosha?

Mwenye duka anajua. Rafu isipouza, hasara inamuuma usiku huohuo, na asipojirekebisha anafunga. Bei za soko zinamletea habari ambazo hakuna ofisi ingeweza kuzikusanya: kwamba mbao zimeadimika, kwamba watu hawataki tena rangi ile, kwamba kuna fundi wa bei nafuu mtaa wa pili. Mchumi Friedrich Hayek alilieleza hilo mwaka 1945, kwamba maarifa ya uchumi yametawanyika vichwani mwa mamilioni ya watu na bei ndizo zinazoyaunganisha. Idara ya serikali haina bei wala hasara. Ikishindwa kazi yake, kinachofuata ni ombi la kuongezewa bajeti, kwa maelezo kwamba imeshindwa kwa uhaba wa fedha. Na pengine ni kweli. Hakuna namna ya kujua, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Cyril Northcote Parkinson, mwanahistoria Mwingereza, alichapisha mwaka 1955 takwimu ambazo mimi huzitumia kila nikipata nafasi. Mwaka 1914 jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na meli kubwa za kivita 62 kazini; mwaka 1928 zilibaki 20. Katika muda huohuo, maofisa wa makao makuu ya jeshi hilo waliongezeka kutoka 2,000 hadi 3,569. Akatazama na wizara ya makoloni: mwaka 1935 ilikuwa na watumishi 372, mwaka 1954 ikawa na 1,661, wakati himaya yenyewe ilikuwa inaponyoka mikononi mwao. Meli zinapungua, makarani wanaongezeka. Makoloni yanaondoka, mafaili yanazaana. Parkinson aliandika kwa mzaha, lakini tarakimu hazikuwa za mzaha.

Kwa nini wapigakura hawalizuii hilo? Kwa sababu anayefaidika ana kila sababu ya kupiga kelele na anayeumia hana muda. Tazama sukari nchini Marekani. Tangu mwaka 1934, ukiacha muda mfupi katika miaka ya 1970, serikali imekuwa na mpango wa kulinda wakulima wa miwa na viazisukari kwa kudhibiti uagizaji, na kwa miaka mingi bei ya sukari huko imekuwa juu ya ile ya soko la dunia, nyakati nyingine karibu maradufu. Kwa kila mlaji ni hela kidogo kwa mwaka, hawezi kupanda basi kwenda bungeni kwa ajili ya hiyo. Kwa mwenye mashamba makubwa ni mamilioni. Kila sheria hiyo inapokuja kujadiliwa upya, mmoja ana mawakili kwenye baraza la jengo la bunge na wengine mamilioni wako kazini. Wachumi James Buchanan na Gordon Tullock waliifanya mantiki ya namna hii kuwa tawi zima la uchumi, na Buchanan akapata Nobel mwaka 1986. Kiini chake ni kwamba mwanasiasa na mtumishi wa umma ni binadamu kama muuza duka, ana masilahi yake. Haina maana ni wabaya. Ina maana tusiwape mamlaka kwa kuamini kwamba ni malaika.

Na hapo ndipo ninapokujibu kuhusu matajiri. Serikali kubwa haimsumbui tajiri kama unavyodhani. Sheria ya kodi yenye kurasa maelfu, misamaha huku na punguzo kule, humfaa anayeweza kuajiri wanasheria. Ruzuku humfuata mwenye ushawishi. Leseni ngumu humzuia mshindani mdogo. Ukitaka kumkera tajiri mwenye mirija, mletee kodi ndogo, ya wazi, isiyo na msamaha. Estonia ilifanya hivyo mwaka 1994, miaka mitatu tu baada ya kutoka Umoja wa Kisovyeti: kiwango kimoja cha kodi ya mapato kwa wote, asilimia 26, ambacho kilishushwa hatua kwa hatua hadi 20 mwaka 2015. Mtu wa kawaida huko anajaza fomu yake ya kodi kwa dakika chache mtandaoni. Wakati wa karibuni wamepandisha tena kidogo, lakini unyoofu wa mfumo wenyewe wameulinda.

New Zealand nayo, kuanzia 1984, iliondoa ruzuku za kilimo karibu zote kwa mkupuo, tena chini ya serikali ya chama cha wafanyakazi. Kabla ya hapo wakulima walilipwa kwa kadiri ya mifugo, wakafuga kondoo mpaka kufikia kama milioni 70, wengine kwenye miteremko isiyofaa, nyama ikazidi mpaka nyingine ikasagwa kuwa mbolea. Baada ya ruzuku kuondoka, wafugaji walipunguza kondoo, wakahamia maziwa, mvinyo, matunda. Wachache waliuza mashamba. Kilimo hakikufa, na leo ni miongoni mwa vilivyo na ushindani mkubwa duniani.

Sasa Uswidi, silaha kubwa ya wapinzani wako. Wakiitaja, waulize: Uswidi ya mwaka gani?

Maana Uswidi ilitajirika kwanza, ndipo ikapanua serikali. Kwa takriban miaka mia, kuanzia 1870, ilikuwa kati ya nchi zilizokua kwa kasi zaidi duniani, na mwaka 1950 kodi zote zilikuwa kama asilimia 20 ya pato la taifa. Kisha katika miaka ya 1960 na 1970 zikapaa, zikafikia karibu nusu. Mwanzilishi wa kampuni ya samani ya IKEA, Ingvar Kamprad, alihama nchi katika miaka ya 1970 na hakurudi kuishi huko mpaka 2014. Na mwaka 1976 ikatokea ile hadithi ya Astrid Lindgren, mwandishi wa vitabu vya watoto aliyependwa na taifa zima, na mwenyewe mfuasi wa chama tawala cha Social Democrats. Alikaa akapiga hesabu, akakuta kwamba kwa sababu amejiajiri na anatozwa kodi ya mapato pamoja na michango ya mwajiri, kiwango kwenye sehemu ya juu ya kipato chake kilikuwa asilimia 102. Kila alipopata krona moja zaidi, alidaiwa zaidi ya krona moja. Hakuandamana. Aliandika kisa cha kubuni gazetini, cha mama mmoja mtunga vitabu katika nchi ya mbali, akiicheka sheria hiyo. Waziri wa fedha, Gunnar Sträng, akasimama bungeni akasema huyu mama anajua hadithi lakini hesabu hajui. Lindgren akajibu kwamba Sträng ndiye stadi wa kusimulia hadithi na asiyejua kuhesabu, hivyo wabadilishane kazi. Baadaye ikabidi ikubalike kwamba hesabu za mama zilikuwa sahihi. Septemba mwaka huo chama kilishindwa uchaguzi, baada ya kushika serikali kwa karibu miaka 44.

Hazikuwa kodi peke yake zilizokiangusha, na matatizo hayakuisha kwa kubadili serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi iliingia kwenye msukosuko wa mabenki, matumizi ya serikali yakafika takriban theluthi mbili ya pato la taifa, na ndipo vyama vikubwa vikakubali kwamba haiwezekani tena. Mageuzi ya kodi ya 1991 tayari yalikuwa yameshusha viwango vya juu hadi karibu asilimia 50, wengi wakabaki na kodi ya manispaa tu ya kama asilimia 30. Wazazi wakaruhusiwa kupeleka fedha za umma kwenye shule binafsi wanazozichagua. Pensheni ikafungwa kwenye michango ya mtu. Kodi ya mirathi ilifutwa mwishoni mwa 2004, tena na serikali ya Social Democrats wenyewe, na kodi ya utajiri ikafutwa mwaka 2007. Kodi ya makampuni leo ni asilimia 20.6. Hiyo ndiyo Uswidi wanayoisifu.

Denmark nayo: mwajiri anaweza kuajiri na kuachisha kwa urahisi, hakuna kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kisheria (vyama vya wafanyakazi na waajiri ndio wanaopatana), na kuanzisha kampuni ni kazi ndogo. Soko lao liko huru kuliko la nchi nyingi zenye kodi ndogo. Halafu waulize wapinzani wako nani analipia ustawi ule. Kodi ya ongezeko la thamani katika nchi zote mbili ni asilimia 25 kwa bidhaa nyingi, na hiyo humkata mfagizi sawasawa na mkurugenzi. Ule ustawi haulipiwi na matajiri. Unalipiwa na watu wa kawaida, wanaokubali kulipa kwa sababu wanaona shule na hospitali zinafanya kazi. Yeyote anayeahidi huduma za Skandinavia kwa kuwakamua mabilionea peke yao anauza kitu ambacho Skandinavia yenyewe haina.

Hata hivyo nitakuwa mwongo nisipokwambia kwamba Denmark inaisumbua hoja yangu. Inatoza sana na bado inafanya kazi, kwa miongo. Jibu langu ni kwamba serikali isiyo na rushwa inayotoza kodi pana na nyoofu inaweza kumudu mzigo ambao serikali nyingine ikiuiga utaivunja mgongo. Nalisimamia, lakini nakiri linapunguza makali ya kanuni.

Jambo moja dogo, kwa starehe yako. Kodi ya mapato ya Uingereza ilirudishwa mwaka 1842 na waziri mkuu Robert Peel kama hatua ya muda wa miaka mitatu, kwa kiwango cha chini ya asilimia 3, na kwa wenye kipato kinachozidi pauni 150 kwa mwaka tu. Bado iko, na kisheria mpaka leo inapaswa kupitishwa upya kila mwaka. Na huko Marekani, mwaka 1943 wakati wa vita, ulianzishwa utaratibu wa kukata kodi kwenye mshahara kabla mtu hajaugusa. Mmoja wa vijana wa wizara ya fedha waliousanifu alikuwa mchumi Milton Friedman, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa serikali ndogo kuliko wote. Alikuja kusema anatamani usingehitajika, kwa kuwa utaratibu huo ndio uliofanya iwezekane kukusanya kodi nyingi kiasi kile bila mlipaji kushtuka. Mkewe, Rose, hakuacha kumtania kwa hilo. Hebu fikiria watu wangelipa kodi yote ya mwaka siku moja, kwa mikono yao, kesho yake wakapige kura.

Nimalizie swali lako la mwisho, kama ipo nchi iliyojaribu. Utaambiwa Hong Kong, na ni mfano mzuri, ila ushike kwa uangalifu. John Cowperthwaite alikuwa mkuu wa fedha huko kuanzia 1961 hadi 1971. Kodi ya mapato haikuzidi kiwango cha kawaida cha asilimia 15, hapakuwa na ushuru wa forodha kwa bidhaa nyingi, bajeti ilikuwa na ziada karibu kila mwaka, na mji uliojaa wakimbizi ukageuka kuwa kitovu cha viwanda na biashara. Alikataa hata kukusanya takwimu za pato la taifa, kwa hofu kwamba maofisa wakizipata watashawishika kuanza kuuongoza uchumi. Lakini mpinzani mwerevu atakukumbusha kwamba karibu ardhi yote ya Hong Kong ni mali ya serikali, kwamba mapato ya kukodisha ardhi hiyo yalijaza sehemu kubwa ya hazina, kwamba kwa kuibania serikali ilifanya makazi kuwa ghali mno, na kwamba serikali hiyohiyo ilijenga nyumba za umma kwa mamia ya maelfu ya watu. Yote ni kweli. Yataje wewe kwanza, kabla hajayataja yeye.